Harusi ya Kijani

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano tu! Kutwa nimekata kadi za watu pale kiwandani. Kisu cha mashine kinashuka, kinapanda, mimi simo. Nipo harusini kwangu. Nyasi. Wageni pekupeku. Chakula juu ya majani mapana. Kaupepo. Bosi akanigutua: kadi mia mbili za mteja nimezikata katikati, bwana harusi huku, bibi harusi kule.

Mchumba wangu, anayelea miche kitaluni, ana sharti moja. Hataki plastiki. Kila sherehe mtaani ikiisha, mfereji wa kitalu unaziba, na anayeuzibua ni yeye. Akiona plastiki Jumamosi, haolewi. Anarudi kwenye miche yake. Alitabasamu aliposema, lakini namjua, hana mzaha kwa hilo. Nikamwambia aniachie mimi. Kila kitu!

Jumanne, 4 Juni

Nimemtumia shangazi, mwenyekiti wa kamati, ujumbe: "Harusi yetu ni ya kijani." Maneno matano, na plastiki yote nimeipiga marufuku! Mwingine angeandika insha. Shangazi amejibu kwamba ameelewa, nilale usingizi.

Nikalala. Mchana kweupe, juu ya marobota ya karatasi. Nikaota mchumba ananiita mume wangu kutoka ng'ambo ya bustani, nami sina haraka ya kufika, maana njia yenyewe tamu. Shemeji, kaka yake mchumba, anasema mimi hata kikao cha watu wawili siwezi kukiandaa. Wivu tu huo.

Jumatano, 5 Juni

Kadi! Nimeloweka mabaki ya karatasi ya kiwandani, nikayaponda, nikachanganya na mbegu za nyanya. Mgeni anasoma, anafukia, anavuna. Nani mwingine angewaza hivyo? Nikazianika uani, nikakaa kivulini kuzitazama. Jua la upole. Macho yakawa mazito...

Kuzinduka, kuku wa mama mwenye nyumba wamemaliza. Wote wamealikwa. Wageni nimewapigia simu.

Ijumaa, 7 Juni

Mungu wangu!

Nimekwenda kwa shangazi kuona maandalizi. Viti mia vya plastiki, kijani. Sahani za plastiki, kijani. Vikombe, maputo, maua ya plastiki, zulia la plastiki linalojifanya nyasi. Kijani, kijani, kijani! Shangazi kajaa furaha. Akasema amezunguka maduka yote mpaka miguu imevimba, ila hakuna rangi nyingine iliyopenya humo. Akauliza kama imekolea. Shemeji naye kaleta jenereta lake. Kalipaka rangi ya kijani.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikatazama ile miguu yake, nikashindwa. Nikasema imekolea, shangazi, ahsante sana.

Akili, amka! Plastiki isiyoonekana si plastiki. Nitaifunika majani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeoa. Nusura nisioe!

Alfajiri nilikwenda kitaluni na panga. Ukungu, umande, ndege. Miparachichi midogo imejipanga mistari, majani yanameremeta. Mchumba husema mmea ukipogolewa unafurahi. Basi nikaifurahisha yote. Nilikuwa naimba, jamani.

Viti vikavaa majani. Pakapendeza ajabu, nikasimama pale nikijiona mwenye bustani. Mchumba akaingia, akatabasamu, akashika jani moja. Tabasamu likamtoka. Ilikuwa miche sitini aliyoiunganisha kwa mikono yake, kikonyo kwa shina, misimu miwili ya kazi. Akafunua kiti: plastiki. Akauliza ni nani kafanya haya. Shangazi akasema viti amekodi yeye na vitu vingine kanunua yeye, akaanza kulia, kwamba alidhani tunaipenda rangi hiyo.

Hapo nikaona aibu. Nikasema shangazi hana kosa. Ujumbe mimi, majani mimi, kuficha mimi. Nikasema niliogopa akiona atarudi kwenye miche yake aniache.

Akakaa kwenye kiti cha kijani. Kisha akasema viti vitaoshwa, vitarudishwa, na sahani atazitumia kuoteshea mbegu, maputo yasipulizwe. Miche itamuuma siku nyingi. Lakini kinachomuuma zaidi ni kwamba nilimficha. Ataolewa, ila kwa sharti jipya: kabla ya jambo lolote nimuulize kwanza. Lolote! Nikaapa mbele ya watu wote, mkono juu, machozi shavuni. Shangazi akapiga vigelegele. Shemeji akazima jenereta bila kuambiwa, tukasikia ndege.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu! Naandika tena: mke wangu. Amelala. Dirisha li wazi, pazia linajaa upepo na kunywea, naye anatabasamu usingizini. Tangu asubuhi nawaza lile sharti lake. Kuulizana! Ndoa nzima inasimama hapo. Nashangaa wanaume wenzangu hawalioni.

Saa nane wanafika punda wawili. Fungate bila tone la mafuta! Siku tatu tukipanda mlimani polepole, mablanketi, chupa ya chai, yeye mbele, mimi nyuma. Nimewaagiza alfajiri. Nilitaka kumuuliza, wallahi, lakini amelala vizuri mno, na mtu hamwamshi mkewe kwa maswali.

Nitamuuliza akishapanda.