Mjusi Ndani ya Kabati la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba

Mzee Clarrie, mfuga mijusi, amekubali. Mjusi mmoja, wa aina ya wenye ndevu, wa miezi miwili, mrefu kama kijiko cha uji. Atamleta Jumamosi, ila kwanza akague nyumba. Iwe ya kioo. Upande mmoja joto la digrii arobaini, upande wa pili baridi. Chini magazeti, mchanga marufuku, mtoto ataumeza na tumbo litafunga. Nyumba ikiwa mbovu, anarudi na mjusi wake. Kaniazima taa mbili, ya joto na ya mwanga wa jua. Sikuwa na karatasi. Nimeandika yote mkononi.

Maisie wangu ana miaka minne. Tangu Februari hajasema neno lolote huko chekechea. Leo mwalimu kaniambia amesema: "Kwetu anakuja mjusi." Nimelia njia nzima nikisukuma kigari.

Kisha nikamwogesha Maisie. Mkononi pamebaki "kioo" na "arobaini".

Jumanne, 4 Novemba

Wiki ya kutoa vitu vikubwa barabarani. Sheria ya mtaa: kilichowekwa ukingoni ni cha wa kwanza kukishika. Tangi la samaki nililiona mimi kwanza. Jirani yangu Darlene akalishika kwanza, akiwa na ndara zake za chumbani. Akasema pole shoga, miguu yako mizito. Hana hata samaki.

Lakini Mungu si Darlene. Mbele ya nyumba ya mama mkwe, Noreen: kabati la vyombo, milango ya vioo, tupu. Mwenyewe Jumanne yuko kwenye mchezo wa kuviringisha matufe uwanjani. Nimelibeba kwa toroli. Mama ameuambia ukoo mzima kwamba mimi hata mnanaa hunifia. Sasa takataka zake zitamjibu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetoboa matundu ya hewa kwa msumeno wa mume wangu, Jarrod, akiwa mgodini. Matundu kumi na moja. Mawili yamekuwa madirisha. Chini nimemwaga mchanga mwekundu wa barabarani, mtoto ajisikie kwao.

Taa: digrii ishirini na saba. Nikaishusha. Hamsini na nane, na harufu ya mkate ulioungua. Nikaipandisha kwa kamba ya kiatu. Thelathini na tisa. Nimejipongeza kwa chai.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama kaja na keki na macho mekundu. Kaibiwa. Alikuwa anaoshesha mazulia, akalitoa kabati la marehemu mama yake nje kwa saa mbili tu, likayeyuka. "Mtaa huu una mwizi, Tegan. Nitamjua."

Kikombe chake kilikuwa juu ya kabati hilohilo. Nilikuwa nimelifunika shuka.

Nikasema Darlene alionekana akizungukazunguka. Si uongo, alizunguka. Hapo nyenje, chakula cha mjusi, wakaanza kuimba chini ya shuka. Mama akauliza ni nini hicho. Nikasema friji. Akasema friji yako inaumwa, mwanangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimelipaka kabati rangi ya kijani, nje kote. La kijani si la kahawia, nani atalijua? Nikafungua milango harufu itoke. Nyenje wametoka pia. Mmoja yumo kwenye buti la Jarrod, hashikiki.

Jarrod karudi kutoka mgodini, kasema nimwambie mama yake ukweli. Nikasema rangi haijakauka.

Mama hamwamkii Darlene tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Mzee Clarrie kaja. Nyuma yake Mama. Kumbe wanacheza matufe pamoja.

Mzee akaona mchanga, akanitazama. Nikauchota wote kwa kikombe, nikatandika gazeti. Akaweka kipimajoto. Tukangoja. Maisie alinishika sketi kwa mikono miwili. Arobaini kamili. Mzee akasema mbao za zamani hushika joto, siku hizi hupati kabati kama hili.

Mama akainama. Kwenye mguu wa nyuma kuna J, aliyoichonga Jarrod akiwa na miaka sita. Rangi yangu haikufika huko. Akainuka polepole, akaniangalia.

Mzee akamweka mjusi ndani. Mjusi akamwona Mama. Akainua mkono mmoja, akauzungusha taratibu. Mzee akasema watoto wao hufanya hivyo mbele ya mkubwa: sina ubavu wa kupigana nawe, niache niishi.

Nikainua mkono wangu, nikauzungusha hivyohivyo.

Maisie naye akainua wake. Akasema, "Bibi, kabati lako limepata mtoto."

Maneno matano. Mbele ya mgeni. Mama akakaa kitini, akafuta macho, akauliza ni nani aliyelipaka rangi ya kamasi. Libaki, akasema. Ila kila Jumapili atakuja kukagua, na keki ya kumwomba radhi Darlene nitaipika mimi, si yeye.

Jumapili, 9 Novemba

Mjusi amekula nyenje sita. Keki imeungua. Darlene kaila hivyohivyo, kasema amewahi kula mbaya zaidi, kwangu.

Mzee Clarrie anasema mjusi akikua atahitaji nyumba kubwa mara mbili. Nimefikiria sana. Chumbani kwa Mama kuna kabati la nguo, refu, la mlango wa kioo.

Leo alipokuja kukagua, Mama katamka mwenyewe: mazulia yataoshwa tena Aprili, tarehe kumi na nne. Sikuwa na karatasi. Nimeandika mkononi, na leo Maisie ataogeshwa na baba yake.