Mgonjwa wa Tumbo Hali Senene

Kata nzima ya Ihembe haijapata kuona tumbo maarufu kama la Rwegoshora. Wenzake wana mashamba ya kahawa, wengine wana watoto Dar, Rwegoshora ana tumbo! Ukimwamkia "shikamoo mzee", hiyo marahaba utaisubiri mpaka akueleze kwanza tumbo lilivyolala.

Na lilikuwa linamuuma kweli, tusimsingizie. Miaka nenda rudi, kiungulia kinapanda mpaka kooni, gesi inajaa mpaka vifungo vya shati vinaomba msaada. Lakini hospitali aliikwepa, akajipima mwenyewe. Mara akasema ni vidonda, mara ini, mara ngiri, mara chango, na mvua zilipochelewa akasema kuna jirani kamtupia kitu. Kwamba alishushia kila mlo kwa rubisi, ile pombe ya ndizi, na alitafuna punje za kahawa tangu kuamka mpaka kulala, hilo hakulitaja.

"Kahawa ni heshima," alisema. "Heshima imemdhuru nani?"

Ugonjwa huo ulimpa cheo nyumbani. Kupalilia? Tumbo. Kubeba mikungu ya ndizi? Tumbo! Mkewe, Deodatha, alimpikia uji wa peke yake, na maziwa yakiwa machache, yote yalikwenda kwa mgonjwa.

Basi ukafika msimu wa senene, wale panzi watamu. Bibi Mackrine, mama mzazi wa Deodatha, akaja kutoka Rubwera kumsaidia binti yake, maana Jumapili walitegemea wageni wazito kutoka Bugomora: mzee Harerimana na mkewe, wakimleta binti yao Ingabire, mchumba wa Novatus, kijana wa hapo nyumbani. Bibi akakaa chini, akanyonyoa senene mbawa na miguu mpaka vidole vikamuuma, akawakaanga, akajaza kopo kubwa, akalificha nyuma ya pipa la maji. Mgeni ambaye hajawekewa senene, amewekewa nini?

Kopo likaanza kupungua. Leo limeshuka kidole, kesho viganja viwili!

Deodatha akauliza kwa upole nani anawala. Rwegoshora akasimama, mkono tumboni.

"Mnanitazama mimi? Mgonjwa wa tumbo anakula senene? Mwenye hamu ya senene humu ndani anajulikana. Amekuja na begi!"

Mae waitu! Kumwita mama mkwe mwizi! Bibi Mackrine aliingia chumbani akaanza kukunja kanga zake.

"Baba Novatus," Deodatha alisema, "mama akitoka hapa na jina la mwizi, natoka naye. Hao wageni utawapokea wewe na tumbo lako."

Rwegoshora alimpenda mkewe, na zaidi ya hapo hakujua hata chumvi inakaa wapi. Lakini mtu wa majigambo akibanwa, huongeza majigambo. Wiki ile Deodatha alikuwa amemlazimisha hatimaye kwenda hospitali, na huko akapangiwa kipimo cha kesho yake.

"Kesho naingizwa kamera tumboni!" alinguruma. "Kamera haina shemeji wala jirani, haijui kusema uongo. Mama, twende ukajionee mwenyewe. Akionekana senene hata mmoja, beberu wangu Waziri ni wako!"

Bibi akaacha kukunja kanga. "Nitakuja, baba. Yule beberu nimempenda tangu nilipofika."

Sharti la kipimo lilikuwa moja tu: baada ya mlo wa jioni, asile chakula chochote. Kulipopambazuka, tumbo likamwita. Rwegoshora akajiendeshea kesi mwenyewe, na hakimu yeye.

"Nimekatazwa chakula. Kwetu chakula ni ndizi! Hata mtu ale sahani ya wali, si bado anauliza chakula kiko wapi? Senene ni kutafunatafuna tu. Na kamera inatafuta vidonda, senene inawatakia nini? Tena wadogo vile, watayeyuka."

Akashinda kesi. Alikuwa amechota kiganja cha kwanza aliposikia mlango wa chumba cha mama mkwe ukilia. Hofu ikamfanya achote na cha pili, akabugia vyote, akameza bila kutafuna.

Walikwenda kwa bodaboda mbili, maana mkwe na mama mkwe hawabanani kiti kimoja. Hospitalini wakapokelewa na Daktari Nikuze, mwanamke mpole asiye na maneno mengi.

"Mzee, umekula chochote?"

"Daktari, tangu jana jioni chakula hakijagusa mdomo huu!"

Wakampulizia dawa ya ganzi kooni, wakamlaza ubavu, wakamtumbukizia mpira wenye kamera. Bibi Mackrine alisimama ukutani, mbele ya runinga.

"Hapa mwisho wa koo pamebabuka," Daktari alisema. "Kiungulia chako hiki hapa, mzee."

Rwegoshora akainua dole gumba. Mnaona? Mgonjwa halali! Kisha kamera ikaingia tumboni.

"Mzee," Daktari aliuliza taratibu, "na huyu ni nani?"

Kwenye runinga, mzimamzima, kichwa na macho yake, alikuwa senene. Nyuma yake mwenzake. Nyuma yao kusanyiko zima!

Muuguzi akasogea karibu. "Mh! Wamekaangwa vizuri hawa."

"Nimewakaanga mimi," alisema Bibi Mackrine.

Rwegoshora alikuwa na majibu tele. Kwamba ni wa msimu uliopita! Kwamba ni uchawi! Kwamba alilala mdomo wazi wakajiingilia wenyewe! Lakini mdomo ulikuwa umejaa mpira.

"Gggghhh!" alijitetea. "Ghhh!"

"Anasemaje?" Daktari aliuliza.

"Anasema Waziri ni wangu."

Daktari akautoa mpira na upole akauweka kando. "Ungetapika ukapaliwa, mzee, ungekufa hapa mikononi mwangu! Utarudi keshokutwa, tumbo tupu. Nyumbani kuna mtu wa kukulinda?"

"Nilikuwa naondoka," alisema Bibi. "Sasa siondoki."

Akalindwa kama sanduku la sadaka. Kipimo cha pili kikasema ukweli wote: vidonda hana, uchawi hana, ila tindikali inapanda na ukuta wa tumbo umevimba. Akapewa dawa. Rubisi marufuku, kahawa marufuku, vya kukaanga marufuku.

"Na kupalilia, daktari?" Bibi aliuliza.

"Kupalilia ruksa kabisa."

Jumapili wageni wakafika. Senene waliosalia kwenye kopo wakazungushwa, kisha Waziri akaingia, safari hii ndani ya sufuria. Nyumba ikacheka, Deodatha akacheka kuliko wote. Mwenye nyumba alikaa kiti cha mbele na bakuli la uji. Mzee Harerimana, mtu wa huruma, akachagua ubavu ulionona akamnyooshea.

"Mzee mwenzangu, mbona huli? Karibu."

Mkono wa Rwegoshora ulikuwa tayari njiani.

"Aa, baba, mwache," alisema Bibi Mackrine kwa sauti ya asali. "Mgonjwa wa tumbo anakula nyama?"

Lililojibu ni tumbo, likanguruma mpaka Ingabire akachungulia nje kama mvua inakuja. Rwegoshora akanywa uji wake.