Miaka Minne ya Mwelu

Jumatatu, Januari 6
Mke wangu Kavutha yuko Kitui, anamuuguza mama yake. Mimi ameniachia kazi moja tu: kumwandikisha mtoto wetu Mwelu chekechea ya kaunti hapa Huruma. Bure! Uji saa nne, chakula saa saba. Jumatatu ijayo Kavutha anaanza kazi ya kushona kiwandani, na hakuna wa kubaki na mtoto. Mtoto akikosa shule, mama amekosa kazi. Jambo dogo kwa mwanamume mwenye akili.

Nimesoma tangazo langoni. Mtoto awe ametimiza miaka minne. Balaa! Mwelu alizaliwa mwaka niliopata ukarani, na ukarani wenyewe nina miaka mitatu. Kavutha amepiga simu kusema cheti cha kuzaliwa kiko ndani ya Biblia. Sikukitoa. Cheti kama hicho ni shahidi wa upande wa pili. Mimi ni karani, najua karatasi.

Phares wa mlango wa pili amemwandikisha Celine wake kwa dakika tano. Ati ni rahisi, Baba Mwelu, beba cheti tu. Mtu asiye na mbinu utamjua.

Jumanne, Januari 7
Nimemwambia Mwalimu Nafula, msimamizi wa chekechea, kwamba cheti kilibebwa na mafuriko. Akanipa pole. Kisha akauliza tunakaa ghorofa ya ngapi. Mdomo ulishasema ya nne kabla akili haijafika. Anataka kumwona mtoto Alhamisi.

Jumatano, Januari 8
Nimekumbuka! Sisi kijijini nani alituuliza cheti? Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili, umekua, ingia darasani. Nimemfanyisha Mwelu mazoezi jioni nzima. Mkono mfupi. Tumegundua kwamba akilaza kichwa begani, unafika. Nimemfundisha pia kusema ana miaka minne. Phares alichungulia, akacheka mpaka akakohoa. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, Januari 9
Aibu! Mwelu hakungoja kuulizwa. Kuingia tu, mkono juu, sikio kalishika, kasimama kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Mwalimu Nafula akasema mtoto anayefikia sikio ana miaka sita au saba, huyo si wake, apelekwe darasa la kwanza. Nikaruka: hapana, ni minne tu! Akamuuliza mtoto mwenyewe.

"Minne, ticha. Baba alisema nisiseme mitatu."

Mwalimu akaniuliza, kwa upole unaochoma, kati ya saba, minne na mitatu, mimi leo nauza umri upi. Imebaki nafasi moja. Ameniwekea hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, nije na cheti. Bila cheti, anaingia mwingine.

Jumamosi, Januari 11
Kavutha amerudi. Phares, mdomo usio na komeo, alishamweleza yote kwenye ngazi. Kafungua Biblia, katoa cheti, kanisomea kwa sauti. Mwelu alitimiza minne Oktoba! Nilipoajiriwa, kasema, mtoto alikuwa tayari anatambaa. Kwamba sijui umri wa mwanangu. Kwamba Biblia sijaifungua tangu harusi. Hilo la kwanza limeniuma sana. Nilimtazama Mwelu, na kweli, viatu vya Krismasi vinambana.

Jumatatu Kavutha lazima awe kiwandani saa moja, kwa hiyo cheti nitakipeleka mimi. Ameniapisha: nikipeleke kama kilivyo, na nifunge mdomo.

Jumapili, Januari 12
Kavutha na Mwelu wako kanisani. Nimekikagua cheti kwa jicho la karani. Cheupe mno! Hata kunjo hakina. Niliyesema kilibebwa na mafuriko, niende na karatasi inayong'aa hivi? Mwalimu Nafula atasema nimekichapisha jana.

Nimekitumbukiza kwenye sufuria ya chai ya rangi, dakika tatu tu. Sasa kinakauka kwenye kamba, rangi ya mafuriko kabisa. Mwaka wa kuzaliwa umefutika kidogo. Si neno. Nina biro.