Dishi Linalotazama Pembe ya Mashetani

Jumamosi, 12 Mei 1984
Leo matangazo yameanza! Picha zinashuka kutoka setilaiti moja kwa moja hadi nyumbani, bila kuiomba ruhusa milima iliyotuzibia bonde letu miaka yote. Dishi la kwanza kijijini ni langu. La Kuramochi, mwenye duka la umeme ng'ambo ya mto, bado liko njiani. Nimemshukuru Buddha, labda kupita kiasi.

Mimi ni fundi na muuzaji, lakini hili siliuzi kwanza. Ni la Mama. Daktari anasema hatafika majira ya joto. Anataka kitu kimoja tu: kumwona mjukuu wake, Tamio wangu, akipigana mieleka ya sumo. Nikamwambia redio ipo. Akasema redio haina uso.

Jumapili, 13 Mei
Balaa. Setilaiti iko kusini-magharibi. Kusini-magharibi kabisa! Pembe wanayoingilia mashetani. Hata choo hatujengi upande huo. Mke wangu Hisae akasema, si ulielekeze tu. Lielekeze tu! Na ndani kuna mgonjwa! Nikaligeuza magharibi kidogo, iliko pepo ya Buddha Amida. Runinga ikaonyesha chenga tupu. Peponi hawatangazi.

Jumatano, 16 Mei
Akili imenijia. Nimekwenda hekaluni, nimepewa hirizi: bamba la shaba, pana kama kiganja. Dishi nimelielekeza kusini-magharibi, na bamba nimelifunga mbele ya mdomo wa kipokezi, pale pale mawimbi yanapoingilia. Wema upite, ubaya ubaki nje.

Chenga.

Redio imesema Tamio kashinda tena. Mama akauliza, amenenepa? Redio haikusema.

Ijumaa, 18 Mei
Kuramochi kaja na achari ya figili kumjulia hali Mama. Akatazama juu, akacheka mpaka akashika ukuta. Eti, "Sakae wee! Umeliziba mdomo halafu unataka liimbe? Toa hilo bati!" Wivu. Dishi lake limefika jana na linaonyesha.

Mama akasikia. Akaomba tumbebe Jumapili, tumpeleke kwa Kuramochi. Kwa Kuramochi! Nikamsihi avumilie, ataona hapa hapa kwake. Akanishika mkono. Wake umekuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Akasema, haya mwanangu, fundi ni wewe.

Jumapili, 20 Mei
Siku ya mwisho ya mashindano. Upepo tangu asubuhi. Mimi juu ya paa, Hisae ndani anapaza sauti: chenga! chenga! Mara, picha! Safi! Tamio yuko ulingoni, anarusha chumvi ya utakaso!

Nikatazama. Kamba imekatika, hirizi iko kwenye mfereji wa paa. Pembe iko wazi na Mama yuko chini yake! Nikaiokota, nikaifunga tena, safari hii kwa waya.

Hisae akapiga yowe. Nikadhani Tamio kashinda.

Nimeshuka. Runinga ina chenga. Mama ameielekezea macho, hayapepesi. Hisae anasema Mama alicheka, akasema, "Amenenepa!" Kisha picha ikakatika, akauliza itarudi lini.

Jumatano, 23 Mei
Tumekwisha kuuchoma mwili wa Mama, kwa desturi yetu. Tamio kaja, mwili mkubwa, analia kama mtoto. Alishinda pambano lile. Kuramochi alileta ubani, hakucheka. Akaninong'oneza, "Ndugu yangu, toa lile bati." Nikamhurumia. Mtu na duka lake, lakini haoni! Pembe ilikaa wazi kitambo kidogo tu, na tazama kilichoingia.

Nimetoka hekaluni sasa hivi. Nimechukua bamba jingine, kubwa zaidi. Nimeyafunga yote mawili. Chenga nyeupe, sawasawa, kona hadi kona. Leo ndiyo nyumba imekingwa.