Balbu Iliyoitwa Syprose

Jumatatu, 7 Aprili

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Nimemuoa binti yake miaka kumi na moja na hajawahi kuona sebule yangu. Sasa anakuja, na si kwa kunipenda. Anakuja kukagua. Anatimiza miaka sabini, na Jumatatu ya Pasaka familia itamfanyia ibada ya shukrani. Itakuwa hapa kwetu Kimulot, au mjini Kericho kwa Oketch, mume wa mdogo wa mke wangu. Mama ataamua mwenyewe.

Mke wangu, Eucabeth, ndiye mtoto wa kwanza. Ameniambia mara moja tu, akikunja nguo, kwamba shukrani ya mama yake ikifanyika kwa mdogo wake, yeye atashinda jikoni kwa Oketch akiosha sahani na hatainua macho. Alisema polepole. Nikaelewa.

Oketch ana televisheni kubwa kama mlango. Mimi ni karani wa mizani kwenye geti la kiwanda cha chai. Nina nini? Nimefikiri tangu saa nne asubuhi, lori baada ya lori. Saa nane nikapata. Taa! Zile balbu za smati. Unazisemesha, zinawaka. Oketch hana.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeenda Litein. Balbu ni aina tatu. Moja bei yake ni ya ndama. Moja ni ya mbuzi. Moja ni ya kuku wawili, na inakuja na kispika kidogo cha kusikilizia, saizi ya kopo la mafuta ya kujipaka. Boksi limeandikwa inasikia Kiswahili. Mwenye duka hakutaka nizijaribu kwanza. Nikaacha kitambulisho, nikaondoka na zote tatu.

Nimezipima kazini. Nilidhani nzito ndiyo imara. Mizani ya majani haioni kitu chini ya nusu kilo. Ilisoma sufuri. Nikarudia mara tatu. Sufuri. Dereva wa lori akauliza kama kiwanda sasa kinanunua balbu kwa kilo, na wakulima waambiwe mapema.

Nyumbani nimegundua jambo kubwa zaidi. Balbu ya ndama na ya mbuzi ni za kuzungusha. Hizi nyumba za kiwanda zina holda za pini. Ya kuku wawili ni ya pini. Uchunguzi umekwisha. Ya bei ya chini ndiyo bora, kwa sababu inaingia.

Jumatano, 9 Aprili

Balbu inataka intaneti. Intaneti ni ya Kiplangat, jirani, mkulima wa chai mwenye ng'ombe watatu. Inavuka ua na kufika sebuleni kwetu. Nenosiri ni jina la ng'ombe mmoja na hataki kunitajia ni yupi. Kwa hiyo alikuja kuliandika mwenyewe, na akiwa na simu yangu mkononi akaendelea na mengine yote. Mashine ikauliza taa iitwe nani. Kiplangat akainamia kispika akasema, sebule. Yaani alisema sepule. Mashine ikaandika Sepule, ikaridhika.

Tangu hapo inamsikia yeye tu. Mimi nikisema sebule, washa: kimya. Yeye akisema sepule, washa: mwanga! Nimejaribu mara kumi na nne. Nimehesabu. Eucabeth amecheka hadi akashika meza. Anasema tatizo si sebule peke yake, ati mimi husema wasa. Ati sisi watu wa ziwani wote ni wasa, wasa. Uongo. Kiswahili nilipata B.

Kiplangat ameniambia nisiwe na wasiwasi. Jumamosi atasimama upande wake wa ua, nimpungie mkono, aniwashie.

Sitawashiwa taa na mtu aliye uani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimesoma karatasi ya maelezo yote, hata Kichina nimetazama. Inasema: chagua jina fupi, unalolitamka vizuri, ambalo halitajwitajwi nyumbani, ili taa isije ikachanganyikiwa.

Nimekaa na hilo nusu saa. Jina gani halitajwi katika nyumba hii? Moja tu! Mkwe hamwiti mama mkwe kwa jina. Miaka kumi na moja halijatoka kinywani mwangu. Eucabeth naye humwita Mama. Ukutani halipo, kwenye Biblia halipo.

Syprose.

Tena halina sh. Na mahali pa washa nimeweka waka, si kwa sababu ya maneno ya Eucabeth, ni fupi tu.

Syprose, waka. Ikawaka! Syprose, zima. Ikazima! Mara ya kwanza! Nimejaribu kutoka jikoni. Nimejaribu nikiwa nimegeukia ukuta. Nimejaribu mdomo ukiwa umejaa ugali. Nimejaribu kwa kunong'ona. Inasikia yote. Kitu kimoja tu: mvua ikipiga mabati lazima nipaze sauti. Nimeliandika hilo.

Haya yote Eucabeth akiwa kazini kwenye zahanati. Kiplangat alisikia kutoka uani. Akauliza huyo Syprose ninayemfokea ni nani. Nikamweleza. Akauegemea ua kama mtu anayesubiri maziwa yashuke. Kisha akasema, "Na yeye mwenyewe akiwa amekaa hapo chini yake?"

Nikamwambia Jumamosi nitatumia kidole tu, kwenye simu. Kila kitu nimekifikiria.

Ijumaa, 11 Aprili

Pigo. Eucabeth akitoka chumbani huzima swichi ya ukutani. Ni mkono wake, si yeye. Tokeni za stima zimemfundisha. Lakini balbu ikizimwa ukutani inakuwa kiziwi. Nimemweleza mara tatu leo. Mara tatu akakubali, akaondoka, akazima.

Nimekaza ubao juu ya swichi. Skrubu nne. Bisibisi ni ya Kiplangat na nimemrudishia papo hapo. Mimi si mtu wa kukaa na vitu vya watu.

Halafu nimegundua kwamba simu inaweza kupangia taa saa. Kuna mpango unaoitwa Sherehe. Nimeuweka kesho, saa moja na nusu jioni, tukiwa tumemaliza kula. Mama akiwa ameshiba, mwanga ubadilike wenyewe polepole, uwe kama dhahabu. Sijaujaribu. Jina linajieleza.

Jumamosi, 12 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Mama alifika saa kumi na mwavuli na mkoba mweusi. Atalala kwa Nyamusi, rafiki yake wa kanisa, nyumba za chini, kwa sababu mama mkwe halali kwa mkwe. Hilo halina mjadala. Aliniita Karani, kama siku zote. Akakagua viti, pazia, kalenda. Akautazama ubao ukutani na kuuliza ni wa nini. Nikasema ni pambo.

Saa moja kasoro kukaingia giza. Nikatia mkono mfukoni, nikagusa simu kwa kidole. Taa ikawaka bila mtu kuinuka. Mama akatazama juu. Akatazama mlangoni. Akauliza nani amewasha. Nikasema ni nyumba yenyewe, Mama. Akasogeza kiti chake chini ya mwanga. Eucabeth alipita na sufuria akanigusa bega. Haijatokea tangu Krismasi!

Kisha Mama akataka kumsalimia Oketch, amwone uso. Simu yake ni ya vitufe. Nikampa yangu.

Kisha gesi ikaisha na ugali ukachelewa. Kisha mvua ikaanza. Chakula kilipofika mezani Mama alisema tuombe, na Oketch naye aombe nasi. Akaisimamisha simu kwenye kikombe mbele yake, uso wa Oketch ukiwa ndani, akafumba macho.

Ilikuwa saa moja na nusu kamili.

Sherehe si dhahabu. Sherehe ni nyekundu, kijani, buluu, zambarau, haraka haraka, kama baa siku ya mshahara. Kwenye sala Mama alikuwa amefika kwa wajane. Akafumbua jicho moja. Uso wake ulikuwa wa kijani.

Nikapima hali. Swichi: nyuma ya ubao, skrubu nne. Bisibisi: kwa Kiplangat. Simu: kwenye kikombe, kifuani kwa mama mkwe, na hakuna mkwe anayenyoosha mkono kuelekea huko. Ikabaki sauti.

Nikasema polepole. Syprose, zima. Mvua ilikuwa juu ya mabati. Taa haikusikia. Mama alisikia. Akafumbua jicho la pili.

Nikasema kwa nguvu. Haikusikia.

Nikasimama. "Syprose! Zima!"

Ikazima.

Giza. Mwanga pekee ulikuwa uso wa Oketch. Akauliza kutoka kwenye kikombe ni nani amekufa. Nikaona heri nirekebishe mambo mapema. Syprose, waka!

Taa ikawaka. Mama naye akawaka.

Aliuliza nimeanza lini kumwita kwa jina. Aliuliza kama kwetu wanaume huwaamrisha mama wakwe wazime. Nikamweleza si yeye, ni balbu. Nikamwambia ni heshima. Akaitazama ile balbu muda mrefu.

"Ni wati ngapi?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini kazi yangu ni mizani. Nikasema tisa.

"Tisa," akasema Mama. Akaigeukia simu na kumweleza Oketch kwamba mkwe wake wa Kimulot amempima akapata wati tisa. Oketch akasema sebuleni kwake kuna tatu za kumi na nane. Hakuwa ameulizwa.

Eucabeth aliingia jikoni akafunga mlango. Nilisikia akisugua sufuria. Ilikuwa safi, niliiosha mwenyewe asubuhi.

Mama alimaliza sala yake, kuanzia kwa wajane. Akala. Akanawa mikono. Akachukua mwavuli, akaonyesha juu nao, akaniambia niitoe. Nikauliza nini. Akasema:

"Mimi silali kwa nyumba ya mkwe wangu. Na jina langu pia halitalala hapa."

Nikapanda stuli. Nikaungua vidole viwili. Mama aliifunga balbu kwenye leso, akaitia mkobani, akaenda kwa Nyamusi.

Tumeosha vyombo kwa tochi. Sahani kumi na moja. Eucabeth hajainua macho.

Jumapili, 13 Aprili

Mama alisimulia mlangoni pa kanisa. Si kwa hasira, hilo ndilo la ajabu. Aliigiza. Mwavuli ulikuwa balbu, yeye alikuwa mimi, na Nyamusi alifumba macho akawa yeye. Kwa hesabu yangu alisimulia mara nne, na kila mara sauti yangu ilizidi kuwa nyembamba. Wanawake walishikana mabega. Nilisimama kando nikisoma tangazo la ubatizo.

Kisha akamwita Eucabeth pembeni. Nilikuwa karibu vya kutosha. Alimwambia ameona macho yake asubuhi, na kwamba hajazaa mtoto wa kwanza ili aoshe sahani kwa mdogo wake. Akasema pia kwamba mwezi wa pili alikaa kwa Oketch mchana kutwa na ile televisheni haikuzimwa hata kwa sala. "Kwa Karani, angalau nikitajwa kitu kinazima."

Shukrani ni hapa! Masharti mawili: ubao utoke, na taa iwe ya kawaida isiyo na jina. Mahubiri yatakuwa ya Pasta Kebaso, ambaye Mama anampenda kwa kuwa hakimbizi Neno.

Eucabeth aliimba njia yote ya kupanda. Karibu na kisima aliniambia nisifanye kitu chochote tena hadi Pasaka ipite. Chochote. Nikamwambia nimesikia.

Nimesikia.

Jumatano, 16 Aprili

Ubao umetoka. Matundu manne yamebaki, nimeyafunika na kalenda. Nimeweka balbu ya kawaida. Inawaka swichini. Haina la kusema.

Mama amerudi ziwani na Syprose. Kiplangat alitaka kujua ataitumiaje bila intaneti. Eucabeth alimpigia kuuliza. Ameiweka sebuleni, anabonyeza ukutani, inawaka. Anasema hajaona shida yake.

Lakini nimewaza kuhusu Jumatatu. Wageni themanini, hema, kipaza sauti cha kukodi. Mwaka jana Pasta Kebaso alihubiri saa mbili na dakika kumi na tano, nilipima. Wali ulipoa. Wazee wawili waliondoka. Wali wa Eucabeth ukipoa mbele ya mama yake, aibu ni ya nani?

Leo nilipita Litein kurudisha balbu ya ndama na ya mbuzi na kuchukua kitambulisho. Mwenye duka alinionyesha soketi. Soketi tu, ndogo, nyeupe. Unachomeka kitu chochote ndani yake, hata kipaza sauti, na unaweza kukizima bila kuinuka. Inatumia kispika kile kile nilichobaki nacho. Hii si taa, kwa hiyo haimo katika masharti ya Mama. Na Eucabeth alisema nisifanye kitu. Kununua si kufanya.

Mashine imeuliza soketi iitwe nani. Nimerudi kwenye karatasi. Jina fupi, ninalolitamka vizuri, ambalo halitajwitajwi nyumbani.

Nimejaribu kutoka jikoni, kutoka uani, na mdomo ukiwa umejaa. Kebaso, zima. Inatii mara ya kwanza.

Jumatatu nitatumia kidole tu.