Dawa Tatu za Shemeji wa Padre

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi kali. Upepo umeingia mpaka ndani ya soksi. Lakini mimi nina furaha, kwa sababu ya bendera.

Maelezo kidogo, endapo daftari hili litasomwa na wajukuu. Jumamosi hii Leonardi, mdogo wa mke wangu Coleta, anapewa upadre hapa Sumbawanga. Jumapili tunamsindikiza hadi kijijini kwao, upande wa Namanyere, kwenye misa ya shukrani. Pikipiki ishirini mbele, magari nyuma. Pikipiki ya kwanza kabisa inabeba bendera ya njano na nyeupe. Mama mkwe ameshawatangazia wanajumuiya wenzake kwamba bendera itabebwa na mkwe wake. Yaani mimi, Basil. Ametangaza mara mbili!

Tatizo limeanza saa tatu asubuhi. Mwenyekiti wa kijiwe chetu cha bodaboda ametoa sheria mpya. Eti mwaka jana, kwenye msafara kama huu, padre alifika kanisani anakohoa, na kanzu nyeupe imekuwa ya kijivu. Safari hii kila pikipiki itapimwa Jumamosi jioni. Leso nyeupe kwenye ekzosi, dakika moja, injini inaunguruma. Mwenye leso safi anabeba bendera. Wenye moshi watakaa mkiani, nyuma ya magari.

Wote wakageuka kuniangalia. Nestory akaanza kukohoa. Na pikipiki yangu ilikuwa imezimwa! Huyu Nestory ni mtu wa ajabu. Pikipiki yake anaifuta kwa kanga ya mkewe na mvua ikinyesha anaivalisha nailoni. Anabadilisha oili kabla haijawa nyeusi. Utadhani anaiposa.

Sina wasiwasi. Stendi ya mabasi kuna jamaa mwenye kipaza sauti, anauza dawa ya panya, dawa ya mbu na dawa ya kusafisha injini. Chupa ya injini ina picha ya tai. Nimeshaichukua.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi! Nimemimina kofia moja kwenye tangi la petroli. Jana asubuhi pikipiki iliwaka kwa kiki tisa. Leo kiki nne.

Nikaenda kumwonyesha fundi, Mzee Isdori. Nikamwamkia, nikapiga kiki, nikakunja mikono kifuani. Mzee akapitisha kidole kwenye ekzosi, akakinusa. Akasema dawa ile si uongo. Inaosha kabureta na njia ya mafuta, na uchafu mdogo unatoka. Ila moshi wangu hautokani na petroli, ni oili inayoungua. Ringi za pistoni zimelika. Kitu kilicholika hakioshwi, kinabadilishwa. Akaniambia niilaze pikipiki kwake siku mbili, aifungue.

Siku mbili! Wiki ya bendera! Nikamshukuru kwa heshima zote. Mzee wa watu anajitahidi, ila mambo ya kisasa yamempita.

Jumatano, 11 Juni

Nimefikiri hivi. Kama ugonjwa uko kwenye oili, basi dawa iende kwenye oili. Mbona rahisi!

Jamaa wa stendi anayo. Chupa ya pili, picha ya simba. Akaeleza: unamimina kwenye oili chakavu, unaacha injini iungurume dakika kumi pikipiki ikiwa imesimama, unamwaga oili yote, unaweka mpya. Nikaona dakika kumi ni za mtu anayetaka usafi wa juujuu. Nikaipa siku nzima na abiria juu.

Hadi saa sita mchana nilikuwa sijioni kwenye kioo cha pembeni. Moshi wa bluu, mzito, unafuata kila kona. Abiria wa mwisho alikuwa mzee mmoja mfugaji, kaja mjini kutafuta chanjo ya ng'ombe wake. Aliposhuka akapiga chafya, akaniambia bila ubaya wowote kwamba kwao moshi wa namna hii huwashwa zizini kufukuza nzi.

Mzee Isdori alinisikia kabla sijafika. Akamwaga ile oili, nyeusi tititi, akaweka mpya. Akasema ule uchafu wa zamani ndio ulikuwa umeziba nafasi za ringi. Sasa nimeuosha, na njia iko wazi. "Umemwosha mgonjwa vizuri sana, baba," akaniambia. "Ila bado mgonjwa."

Alhamisi, 12 Juni

Nimelala vizuri nikaamka na akili mpya. Nisiposhuka mimi kwa moshi, basi apande Nestory.

Dawa zimeniharibia mimi, zitamharibia na yeye. Ndivyo nilivyopiga mahesabu. Ile chupa ya tai ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Saa saba mchana Nestory akaingia kwa mama ntilie. Pikipiki yake iko nje, inang'aa, peke yake. Kifuniko cha tangi hata hakikwaruzi! Nikamimina chupa yote, nikaingia ndani kwa mwendo wa mtu mwenye njaa, nikakaa karibu naye.

Alikuwa anakula ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando, kule ziwani. Akanisogezea pilipili. Akaniambia nichukue dagaa, wamemzidi. Nikachukua. Walikuwa watamu sana, na kidogo dhamiri ikaninyanyua kwenye benchi. Lakini kidogo tu. Nikaongeza ugali.

Ijumaa, 13 Juni

Kiki moja! Baridi ya saa kumi na mbili na nusu, sisi wote tunapuliza vidole, Nestory kawasha kwa kiki moja! Akazunguka kijiwe mara tatu. Anasema injini inaimba kama cherehani. Anasema hajui amefanya jema gani. Nikamwambia labda ni sala za mkewe.

Mzee Isdori aliposikia akacheka. Akasema injini ya Nestory ni nzima, ilikuwa na uchafu kidogo tu wa kabureta, labda kapata petroli nzuri mahali. Kisha akaniangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikaaga.

Mchana mama mkwe kaingia kutoka kijijini, na kapu kubwa. Ndani kuna vitenge vinane, vipya, vimekunjwa. Atavitandaza chini kuanzia geti la kanisa hadi mlangoni, mwanawe apite juu yavyo. Amevitunza tangu Leonardi aingie seminari. Nilimwamkia nikiwa mbali, kama inavyotakiwa kwa mkwe. Akaitikia marahaba, akauliza kama bendera imefuliwa. Nikajibu kila kitu kiko sawa, mama. Nikatoka mbio kwenda stendi.

Chupa ya tatu! Picha ya tembo. Dawa nzito, inashuka kama asali ya Katavi. Kofia mbili zinatosha, kasema jamaa. Nimeweka chupa nzima kwenye oili. Na moshi, jamani, umepungua! Nimezunguka nyumba mara sita nikiutafuta.

Jumamosi, 14 Juni

Leonardi ni padre. Alipolala kifudifudi mbele ya altare, nililia. Coleta alilia. Mama mkwe hakulia, alinyoosha shingo tu asipitwe na kitu.

Jioni, leso. Ya Nestory ilitoka nyeupe kama ilivyoingia. Yangu ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Watu wakapiga mluzi, maana walitegemea lami! Mwenyekiti akasita. Ndipo Nestory mwenyewe akasema bendera apewe Basil, ni shemeji wa padre, na mama wa watu ameshatangaza. Yeye atakaa wa pili.

Ameniogopa. Nimeona machoni mwake.

Bendera iko kwenye pikipiki yangu, imefungwa kwa mpira. Coleta ameiangalia, kisha ameniangalia mimi, na ametabasamu kama zamani za uchumba. Sijawahi kuwa na wiki nzuri hivi.

Jumapili, 15 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili asubuhi. Umande umekuwa mweupe kwenye majani. Napiga kiki, mguu unashuka polepole kama nimekanyaga ugali. Ile dawa ya tembo imeganda kwa baridi! Kiki kumi. Kiki thelathini. Nimetoa jasho mpaka nikavua koti. Saa moja msafara ukaja kunipitia. Mwenyekiti akasubiri, akaangalia saa, akafungua bendera, akampa Nestory. Hawakucheka. Bora wangecheka.

Nikakimbilia jikoni. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ya maji, yanatoa mvuke. Nikayamwaga yote juu ya injini. Mama mkwe akatoka na taulo begani, akauliza maji yake ya kuoga yako wapi.

Nilimjibu ukweli. Akabandika mengine. Huku nje Coleta kapanda gari la kwanza akiamini mama yake yuko la pili. Wa gari la pili wakaamini yuko la kwanza. Wakaondoka wote, vigelegele mpaka barabarani.

Mama mkwe akatoka amevaa, kapu mkononi. Uwanjani tumebaki mimi, yeye na pikipiki. Benchi moja hatujawahi kukaa! Nikaangalia chini. Akaangalia njia. Mwisho akasema, "Baba, weka kapu katikati."

Kiki moja. Ikawaka!

Kapu likakaa katikati, yeye nyuma yake amekaa upande, tukaondoka. Injini ilipopata moto ile dawa ikalegea, na moshi ukarudi wote na ndugu zake. Kilomita zote zile mama mkwe alisema mara moja tu, kwamba nisipunguze mwendo.

Kumbe kijijini msafara umesimama getini. Baraka ya kwanza ya padre mpya nyumbani kwao ni ya mama yake, na mama hayupo. Vitenge vya kukanyaga havipo. Coleta analia. Kwaya imemaliza nyimbo zake zote na imeanza kurudia. Wanasema moshi ulionekana kabla yetu, na aliyeuona kwanza ni Nestory. Akapaza sauti, "Wanakuja! Huyo ni Basil, hakuna mwingine!"

Wakatupisha. Pikipiki kumi na tisa zikasogea kando, Nestory akaja mbele yangu na bendera, tukaingia hivyo mpaka getini, mimi wa pili na mama wa padre nyuma yangu. Akashuka, shavu moja jeusi kwa masizi, akatandaza vitenge kimoja kimoja bila haraka. Leonardi akapita juu ya vitenge, akamwekea mama yake mikono kichwani. Alipofika kwangu alishindwa kusali kwa kucheka, akanishika tu kichwa kwa mikono miwili.

Mama mkwe akawageukia wanajumuiya wenzake. "Niliwaambia mkwe wangu atakuja mbele," akasema.  Nimekula pilau sahani tatu, moja nimeletewa na Nestory.

Jumatano, 18 Juni

Nimetulia, nimepima mambo yote. Bila dawa ya tembo nisingechelewa. Nisingechelewa, mama mkwe angepanda na nani? Dawa zile zinafanya kazi. Mzee Isdori bado anaimba wimbo wake wa ringi.

Jana mchana Padre Leonardi alikuja kutuaga. Wamempa pikipiki ya kuzungukia vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, ya zamani lakini Mzee Isdori ameshaifunga upya, inawaka vizuri. Wakati anakunywa chai na dada yake, niliikuta uwanjani peke yake. Nikaona nimpe zawadi ya kimyakimya. Tai, simba na tembo, chupa mpya nilizonunua Jumatatu, nzima nzima.

Ameondoka leo asubuhi kwenda Namanyere. Alisema atapiga simu saa nne akifika. Sasa ni saa kumi na moja jioni, bado. Coleta ana wasiwasi, nimemwambia asiwe nao. Labda mwendo umemnogea, amepitiliza hadi Kirando.