Fomu Kumi na Mbili za Familia Zisizoridhika

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyomo vifuani, naanza. Salamu kwako, ewe daftari, na kwa yeyote atakayekufungua bila ruhusa yangu.

Hali ya nyumbani ni hii. Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na minne, hajakanyaga darasani wiki ya tano sasa. Akilifikia lango la shule, mikono humtetemeka, pumzi humpaa, hugeuka. Kila Alhamisi nampeleka kwenye kliniki ya afya ya akili ya watoto na vijana. Huko yuko mnasihi wake. Msichana mvaa viatu vya raba! Huingia naye chumbani, mlango hufungwa, nami hubaki kwenye benchi kama mwavuli uliosahauliwa.

Nimefundisha dini miaka arobaini. Nimesuluhisha ndoa za watu wazima. Niliomba niingie, angalau nitoe nasaha fupi ya nusu saa. Mnasihi akanijibu kwa adabu kwamba mwenye kutoa ruhusa ni mtoto. Mtoto akaulizwa. Mtoto akatazama dari.

Linaloniuma zaidi: Bibi wa Miwani, mfuma sweta, ambaye mjukuu wake humwita ndani dakika kumi za mwisho. Kila wiki! Hunipita akiuliza kama na leo nimewekwa benchi.

Jumanne, tarehe 5

Nimelikumbuka tangazo la kliniki. Familia zijaze fomu ya maoni. Mnasihi asiyeziridhisha atahamishwa. Usingizi wa mchana ukanitoka! Akiondoka wa raba, nafasi yake ataishika mnasihi wa chumba cha pili, bwana mwenye mvi. Mwenye mvi hawezi kumwacha mwenye mvi mwenzake nje.

Nikaenda. Karani wa mapokezi akauliza nataka fomu ngapi. Nikasema kumi na mbili, maana familia yetu ni kubwa. Si uongo. Ni kubwa tukihesabu na marehemu.

Jumatano, tarehe 6

Kazi nzito. Fomu ina nyuso tano zilizochorwa, kuanzia inayolia hadi inayocheka, na chini yake nafasi ya maelezo. Nimetia alama kwenye inayolia, mara kumi na mbili. Familia ya kwanza: mama mjane. Ya pili: dereva wa lori. Ya tatu: shangazi mwenye hasira. Mwandiko nimeubadili kwa mkono wa kushoto, kalamu ya kijani na kalamu ya risasi. Hakuna mwanadamu atakayeng'amua.

Kila fomu nimeifungua, bila shaka, kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kuifunga kwa kumwombea baraka msomaji na jamaa zake. Hata dereva wa lori hawezi kuandika maneno yakiwa uchi.

Mjukuu wangu akapita, akauliza naandika nini. Wasia, nikasema. Akauliza: wasia kumi na mbili, babu, kwani una nyumba ngapi? Nikamwondoa kwa upole.

Alhamisi, tarehe 7

Sanduku la maoni lina mdomo mwembamba kupita kiasi. Furushi likakwama nusu ndani, nusu nje, mbele ya umma! Bibi wa Miwani akalisukuma kwa sindano yake ya kufumia, akisema nina maoni mengi kwa mtu ambaye hajawahi kuingia.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mjukuu wangu akasema bila kuulizwa kwamba Jumatatu atalijaribu lango la shule. Mnasihi atasimama naye. Amekubali, akasema, kwa sababu yule hamsukumi. Tangu shule imshinde sijamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Nikazikumbuka fomu zilizomo sandukuni. Kisha nikajituliza: mwenye mvi naye ana miguu, anaweza kusimama langoni.

Ijumaa, tarehe 8

Msiba! Binti yangu, mama wa mtoto, aliacha cherehani yake akaja mbio. Kliniki imepiga simu. Yamefika malalamiko mengi mno. Mnasihi amesimamishwa hadi uchunguzi uishe. Mtoto akasikia. Akajifungia chumbani, akasema kupitia mlango kwamba kama si yule, haendi langoni na mtu mwingine yeyote. Hakula.

Binti yangu akauliza ni watu gani hao wenye roho mbaya namna hii. Nikamwambia dunia imeharibika.

Jumamosi, tarehe 9

Nikamwendea mkuu wa kliniki, nikiwa na mpango safi: kuzishtaki zile familia kumi na mbili kwa husuda.

Mkuu, mama mmoja mtulivu, akazipanga fomu mezani. Akasema jana walizihesabu nyuso kwanza, kusoma wamesoma leo. Akasema mnasihi huyu anahudumia familia saba. Kisha akasoma: "Mimi mjane dhaifu, niliyefundisha dini miaka arobaini..." Halafu akazisoma dua za kumalizia, moja baada ya moja, na kila moja akaiitikia amina. Mara kumi na mbili! Akauliza kama namjua mwandishi. Nikasema anaonekana ni mtu msomi.

Akanyamaza. Nami mtu akinyamaza mbele yangu siwezi kuvumilia. Nikakiri.

Hukumu: mnasihi anarudi kazini, nami nimweleze mjukuu wangu mwenyewe, leo hii.

Nikamweleza kupitia mlango. Kisha akataka nimsomee ya mjane. Ninaikumbuka kwa moyo, nikaisoma. Kikasikika kicheko, kicheko cha kwikwi, na mlango ukafunguka. Lakini macho yake yalikuwa mekundu. Akasema: babu, ulitaka kuninyang'anya mtu wangu.

Akanipa sharti. Jumatatu naruhusiwa kuja langoni. Mdomo umefungwa.

Jumatatu, tarehe 11

Mnasihi alikuwa langoni na raba zake. Akaniamkia: shikamoo, mama mjane. Nikaitikia kwa kichwa, maana sharti ni sharti.

Dakika kumi na moja bila neno! Nasaha zilinijaa mashavuni kama maji ya kusukutua. Mtoto akaenda hatua mbili, akarudi tatu. Mnasihi hakumshika, hakumhimiza, alisimama tu. Mtoto akalishika lango, akaliachia, akalishika tena. Akaingia. Akakaa darasani kipindi kimoja kizima.

Vumbi liliniingia machoni. Yote mawili.

Alhamisi, tarehe 14

Nimeitwa ndani! Nikampita Bibi wa Miwani nikimtakia benchi jema.

Nilibeba nasaha, kurasa nne. Mjukuu wangu naye alikuwa na karatasi yake. Amechora mwenyewe nyuso tano, na swali moja: Babu hunisikiliza? Alama ameitia kwenye uso wa pili, ule wenye kukaribia kulia. Akasema angenipa wa kwanza, ila kwa ajili ya lango ameniongezea mmoja. Mnasihi akaniuliza nimesikia nini katika hayo. Nikamjibu kwa ufafanuzi. Dakika kumi zikaisha nikiwa bado kwenye utangulizi.

Nje, Bibi wa Miwani akanionyesha karatasi aliyochorewa na mjukuu wake, wazo limeenea. Uso wa nne! Kwa kazi gani? Kufuma kimya!

Sasa mjukuu wangu ameibandika karatasi yangu kabatini, na chini yake bahasha, ili wengine wa nyumbani nao watoe maoni. Bahasha ni pana. Haikwamishi kitu. Nimetoa kalamu ya kijani, mkono wa kushoto u tayari, na uso unaocheka nimekwisha kuutia alama kwenye karatasi tisa. Maelezo nimeyaanza hivi:

"Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Msikivu. Mimi mjane dhaifu, jirani wa mzee huyu, nashuhudia kwamba katika maisha yangu sijapata kuona msikilizaji kama yeye. Nawe unayesoma, Mola akubariki, awape afya na utulivu wote walio chini ya paa lako. Amina."